Nusu Karne ya Kubahatisha: Michezo ya Video na Soko Lisilotabirika

Mwaka 1972, fundi kijana wa kampuni changa ya Atari, Al Alcorn, alipewa zoezi la kupimwa mkono: atengeneze mchezo wa vibao viwili na mpira mmoja kwenye skrini. Zoezi hilo halikukusudiwa kuuzwa. Lakini mashine yake, Pong, ilipowekwa kwa majaribio katika baa moja ya Sunnyvale, California, ilikwama upesi. Ilipofunguliwa, kisanduku chake kilikutwa kimefurika sarafu. Biashara ya gemu ikashika mizizi pale ambapo hakuna aliyepanda.

Miaka ya 1980 ilifunguka kwa fundisho lile lile. Nintendo ya Japani ilisafirisha Marekani mashine 3,000 za gemu ya Radar Scope, na takribani 2,000 zikakosa wanunuzi. Ili kuokoa hasara, kazi ya kubuni gemu mbadala alipewa Shigeru Miyamoto, mchoraji asiye na uzoefu wa kazi hiyo. Mashine zilizododa zikageuzwa kuwa Donkey Kong, gemu iliyotamba mwaka 1981.

Wakati huo Atari iliamini kwamba imeipata kanuni ya mauzo: jina maarufu. Mwaka 1982 ilitoa E.T., iliyotokana na filamu iliyopendwa, ikatengenezwa kwa takribani wiki 5 ili iwahi Krismasi. Kaseti zikajaa madukani pamoja na gemu hafifu za kampuni nyingine, na mwaka 1983 soko la Marekani likaporomoka. Shehena ya Atari ikafukiwa jalalani Alamogordo, New Mexico. Nintendo ilipoingia na mashine yake ya nyumbani mwaka 1985, ilizifungia nje gemu zisizo na kibali chake. Hatua hiyo ilipunguza takataka, lakini haikufichua siri ya nini kitapendwa.

Muongo uliofuata ulitukuza fedha na teknolojia. Hata hivyo, gemu ya Pokémon ilizaliwa mwaka 1996 juu ya Game Boy, kifaa cha mwaka 1989 kilichodhaniwa kuzeeka, ikaenea duniani. Sega nayo ilitoa Shenmue mwaka 1999, mojawapo ya gemu ghali zaidi hadi wakati huo. Fedha hizo hazikuiokoa: mwaka 2001 kampuni hiyo ikaacha kutengeneza mashine za nyumbani.

Simu na intaneti zikafungua mlango kwa kila mtu. Rovio ya Ufini ilitoa gemu 51 kabla ya kupata mafanikio na Angry Birds ya mwaka 2009. Among Us ilitoka mwaka 2018, ikakaa karibu bila kujulikana hadi korona ilipowafungia watu majumbani mwaka 2020.

Gharama na njia za kuuza zimebadilika. Ugumu wa kuujua moyo wa mchezaji umebaki palepale. Tarehe 23 Agosti 2024 Sony ilizindua gemu ya Concord, iliyotengenezwa kwa miaka mingi. Tarehe 6 Septemba iliifunga, na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao.