Mambo ya kuzingatia unaponunua skuta iliyotembea kilomita nyingi

BEI ya pikipiki mpya imewafanya Wakenya wengi kuelekeza macho yao kwa zile zilizokwisha kutumika. Miongoni mwao wamo walimu, wahudumu wa afya, wachuuzi na vijana wanaosambaza vifurushi mijini, ambao hupendelea skuta kwa sababu nyingi za siku hizi hazina gia za kubadilishwa kwa mguu. Aidha, skuta ina nafasi ya kuweka mzigo mbele ya miguu, na humwezesha mwanamke aliyevaa rinda kuiendesha bila taabu.

Hata hivyo, skuta inayouzwa kwa bei nafuu mara nyingi huwa imetembea kilomita nyingi. Anayeinunua bila kuichunguza huweza kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Akiba aliyoiweka kwa miezi mingi huishia mikononi mwa fundi au, mbaya zaidi, polisi huichukua skuta yenyewe kwa sababu ni mali ya wizi. Makala haya yanaeleza hatua ambazo mnunuzi anapaswa kuzifuata kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kilomita nyingi ni ngapi?

Hakuna idadi moja inayofaa kwa kila skuta. Injini ya sisi 110 au 125 ambayo imebadilishwa oili kwa wakati inaweza kupita kilomita 50,000 bila kufunguliwa. Nyingine kama hiyo, iliyoendeshwa kwa oili chafu au pungufu, huweza kuharibika kabla ya kufika nusu ya safari hiyo.

Jambo la kwanza la kuuliza ni kazi ambayo skuta hiyo imekuwa ikifanya. Mwendeshaji wa bodaboda au msambazaji wa vifurushi anayetembea kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, atakuwa amefikisha kilomita 31,200 katika mwaka mmoja. Mwalimu anayetembea kilomita 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, atafikisha 5,200 pekee kwa muda huo huo. Kwa hivyo, kilomita 30,000 zaweza kuwa kazi ya mwaka mmoja au ya miaka sita.

Kila hali ina ila zake. Skuta iliyofanya kazi nyingi kwa muda mfupi huwa imebeba mizigo mizito na kuchakaa breki, ilhali iliyokaa miaka mingi huwa na mipira iliyokauka, matairi yenye nyufa na kutu.

Mita nayo haipaswi kuaminiwa peke yake. Katika skuta nyingi za zamani mita huzungushwa na waya unaotoka kwenye gurudumu la mbele, na waya huo ukikatika au ukichomolewa hesabu husimama. Mita zenye tarakimu tano za kilomita hurudi kwenye sufuri baada ya 99,999. Zile za kielektroniki pia huweza kubadilishwa na mtu mwenye ujuzi.

Ili kuthibitisha, linganisha mita na uchakavu wa sehemu zinazoguswa kila siku. Iwapo mita inaonyesha kilomita 9,000 lakini mipira ya usukani imelika, kiti kimebonyea na tundu la ufunguo limelegea, una sababu ya kutilia shaka maelezo ya muuzaji. Muulize pia kama ana risiti za fundi. Skuta yenye kilomita 45,000 na risiti za kila matengenezo mara nyingi ni afadhali kuliko yenye 20,000 ambayo historia yake haijulikani.

Anza na stakabadhi

Wanunuzi wengi huanza kwa kusikiliza injini na kuacha stakabadhi hadi mwisho. Utaratibu unaofaa ni kinyume cha huo, kwani kasoro ya injini hurekebishika lakini kasoro ya umiliki yaweza kukupokonya mali yote.

Pata nambari ya usajili, ambayo kwa pikipiki na skuta za humu nchini huanza na herufi KM, kisha ufanye uchunguzi wa rekodi katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA) kupitia mtandao. Mamlaka hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo inayoweka rekodi za usajili wa magari na pikipiki. Matokeo yatakuonyesha jina la mwenye skuta na nambari za chesisi na injini.

Kisha nenda ukakague chombo chenyewe. Nambari zilizochongwa kwenye chuma lazima zilingane na zile za rekodi, tarakimu kwa tarakimu. Ukiona mahali pa nambari pamekwaruzwa, pamechomelewa au pamepakwa rangi upya, achana na biashara hiyo. Jina la mmiliki pia lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Anayedai kwamba anamuuzia ndugu yake akulete kwa ndugu huyo.

Chunguza vilevile iwapo skuta ina deni. Pikipiki nyingi hapa nchini hununuliwa kwa mkopo, na aliyekopesha husalia kuwa mmiliki wa pamoja hadi malipo yakamilike. Chini ya Sheria ya Haki za Dhamana kwa Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake juu ya chombo kama hicho. Mnunuzi asiyejua huweza kuamka siku moja akute skuta imechukuliwa kwa deni asilolikopa yeye. Iwapo jina la kampuni ya mikopo limo kwenye rekodi, usilipe kabla ya kupata barua ya kampuni hiyo inayothibitisha kwamba deni limekwisha na kwamba imeondoa haki yake.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo iko wazi: kwa kawaida mtu hawezi kukuuzia haki ambayo yeye mwenyewe hana. Kadhalika, Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa adhabu ya hadi miaka 14 gerezani kwa anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Bei ya kutupa na muuzaji asiye na stakabadhi ni sababu tosha za kushuku.

Ikague injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema kwamba ungependa kuikuta skuta ikiwa haijawashwa siku hiyo. Injini iliyochoka huweza kuwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, na muuzaji mjanja huipasha moto kabla ya mteja kufika. Gusa injini kwa tahadhari unapowasili.

Kabla ya kuiwasha, chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi ni ya kawaida kwa skuta iliyotumika, lakini oili iliyo chini ya alama, inayonuka kuungua au yenye chembechembe za chuma ni ishara mbaya. Oili yenye rangi ya maziwa huashiria kuwa maji yameingia.

Iwashe kwa stata na pia kwa teke iwapo ina kifaa hicho. Sikiliza iwapo inanguruma kwa utulivu bila kuongezewa mafuta. Mlio wa kugongagonga unaozidi injini inapopata moto huenda ukatokana na beringi au pistoni iliyolegea.

Moshi pia hueleza mengi. Moshi wa samawati katika skuta ya mipigo minne huonyesha kwamba oili inaungua pamoja na petroli, aghalabu kwa sababu ya ringi za pistoni au sili za vali zilizochakaa. Moshi mweusi humaanisha petroli ni nyingi kuliko hewa, kasoro ambayo mara nyingine hurekebishwa kwa kusafisha kichujio cha hewa au kabureta. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi si tatizo.

Ukiweza, mlipe fundi unayemwamini apime mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Ni kazi ya muda mfupi, na matokeo yake husema ukweli kuliko maneno ya muuzaji.

Mkanda na klachi

Hapa ndipo skuta inapotofautiana na pikipiki ya kawaida. Badala ya mnyororo na gia za mguu, skuta nyingi za kisasa hutumia mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili. Puli ya mbele ina vigurudumu vidogo vinavyosukumwa nje kasi inapoongezeka, hivyo kuufanya mkanda ubadilishe mahali pake na mwendo kuongezeka.

Mkanda huo hulika. Katika skuta nyingi ndogo huhitaji kubadilishwa baada ya kilomita 20,000 hadi 25,000 hivi, kutegemea maagizo ya kiwanda. Ukikatika, injini huendelea kunguruma lakini gurudumu halizunguki. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini, na kama hajui, hesabu gharama ya mkanda mpya.

Unapoijaribu barabarani, ukiwa na leseni na kofia ya kinga, sikiliza skuta inapoanza kuondoka. Ikitetemeka sana au ikikawia kusonga ilhali injini inapiga kelele, huenda klachi, mkanda au vile vigurudumu vimekwisha. Tafuta pia kilima uone iwapo itakupandisha ukiwa na abiria mmoja.

Fremu, magurudumu na breki

Magurudumu ya skuta ni madogo, kwa hivyo mashimo ya barabara zetu huyaumiza kuliko yale makubwa ya pikipiki za bodaboda. Zungusha kila gurudumu uone kama limepinda. Shika gurudumu la mbele ulitikise; likicheza, beringi zimelegea. Geuza usukani polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ukikwama katikati basi beringi za shingo zimeumia.

Tazama skuta kutoka nyuma ikiwa imesimama wima. Magurudumu yasipokuwa kwenye mstari mmoja, au ukiona rangi mpya na alama za kuchomelea sehemu moja tu, huenda ilipata ajali. Plastiki za nje hubadilishwa kwa urahisi na huficha mengi, hivyo mwombe fundi afungue chache.

Umri wa tairi husomwa ubavuni. Tarakimu nne za mwisho huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, mathalani 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye nyufa libadilishwe hata kama lina meno.

Wapenzi wa skuta za kale kama Vespa, iliyoanza kutengenezwa nchini Italia mwaka 1946, wawe waangalifu zaidi. Bodi yake ya bati la chuma ndiyo fremu yenyewe. Kutu ikila sakafu, nguvu ya chombo chote imepungua. Nyingi za zamani ni za mipigo miwili na oili huchanganywa na petroli, kwa hivyo moshi kidogo wa samawati kwazo ni wa kawaida.

Piga hesabu kabla ya kukubali bei

Tuseme skuta ya kwanza inauzwa Sh60,000, nayo inahitaji mkanda, matairi mawili, betri na breki, na fundi anakadiria kuwa kazi hiyo itagharimu Sh22,000. Bei yake halisi ni Sh82,000. Skuta ya pili inauzwa Sh75,000, ina kilomita nyingi zaidi, lakini mkanda na matairi ni mapya na risiti zipo. Ya pili ndiyo rahisi, japo macho huvutwa na ile ya kwanza.

Chunguza pia upatikanaji wa spea. Skuta isiyo na wauzaji wa spea katika mji wako itakaa nyumbani wiki nzima ikisubiri kipuri kimoja kidogo.

Kulipa na kubadilisha umiliki

Andikeni mkataba wenye majina, nambari za vitambulisho, nambari za usajili, chesisi na injini, bei, tarehe na saa ya makabidhiano, na mashahidi wa pande zote mbili. Saa ni muhimu kwa sababu huonyesha ni nani aliyekuwa na skuta iwapo kosa au ajali itatokea siku hiyo. Lipa kwa benki au kwa simu ili kumbukumbu ibaki, na usitume rubuni kwa mtu ambaye hujamwona wala kuiona skuta yenyewe.

Usikubali kupewa stakabadhi na ahadi kwamba mtabadilisha jina baadaye. Ombi la kubadilisha umiliki huanzishwa na muuzaji katika akaunti yake ya mtandaoni, kisha mnunuzi hulikubali. Fanyeni hivyo mkiwa pamoja, na ikiwezekana sehemu ya malipo isubiri hadi ombi liwasilishwe. Muuzaji naye hunufaika, kwa sababu jina lake likibaki kwenye rekodi ndiye atakayetafutwa skuta ikihusika katika uhalifu.

Hatimaye, nunua bima kabla ya kuingia barabarani, kwani sheria inataka kila chombo kiwe na bima ya kulinda watu wengine. Siku chache baadaye badilisha oili ya injini na ile ya gia za nyuma, safisha kichujio cha hewa, kisha uandike kilomita za siku hiyo kwenye daftari. Daftari hilo litakuongoza katika matengenezo, na siku utakapotaka kuiuza skuta litakuwa ushahidi kwa mnunuzi mwingine kwamba ilitunzwa.