Mvulana katika Bunilizi ya Uhindi

Mvulana katika bunilizi ya Uhindi ni mada ya riwaya na hadithi fupi zinazofuatilia makuzi ya mtoto wa kiume na jinsi anavyojitambua kuwa mtu wa familia, dini, tabaka na taifa fulani. Mada hii ilishika mizizi wakati wa utawala wa Waingereza, katika maandishi ya Kibengali, Kihindi, Kiurdu na Kiingereza. Ubora wake ni kwamba mtoto hafanywi msemaji wa mawazo ya wakubwa: mambo mazito ya jamii yanamfikia kwa njia ya hofu, njaa, wivu na mapenzi.

Kutengana na nyumbani

Katika "Chhuti" (1892), Rabindranath Tagore anamsimulia Phatik, mtundu wa kijijini anayepelekwa Kolkata kwa mjomba wake akasome. Tagore anaueleza kwa huruma umri wa miaka 13 au 14: mvulana habembelezwi tena kama mtoto, wala hajapata heshima ya mtu mzima. Mkaza mjomba anamwona mzigo. Phatik anaugua homa huku akisubiri likizo, na mama yake anapofika anamkuta mahututi.

Fahari ya maskini

"Idgah" (1933) ya Premchand inamhusu Hamid, yatima mdogo anayelelewa na bibi yake Amina. Siku ya Idi anakwenda sokoni na paisa tatu tu. Wenzake wananunua peremende na wanasesere wa udongo; yeye ananunua koleo la chuma, kwa kuwa bibi huungua vidole apikapo chapati. Hata hivyo Hamid hageuzwi malaika. Anatamani vya wenzake, kisha anajigamba mpaka koleo linaonekana shujaa kuliko wanasesere wote. Majigambo hayo ndiyo yanayousitiri unyonge wake.

Shule, dini na taifa

Swami and Friends (1935), riwaya ya kwanza ya R. K. Narayan, inatokea Malgudi, mji wa kubuni. Swaminathan, mwenye miaka 10, anasoma shule ya misheni ambako mwalimu Ebenezar anaidhihaki miungu ya Kihindu. Baadaye, katika maandamano ya kudai uhuru mwaka 1930, anaitupa kofia yake kwenye moto wa nguo za kigeni na kuvunja vioo vya shule. Uzalendo wake ni wa kweli, na raha ya kuvunja vioo ni ya kweli vilevile. Mtoto huyohuyo anaunda timu ya kriketi, mchezo wa watawala, na haoni kinzani yoyote. Hata katika masomo anabaki mtoto: baba anapompa hesabu ya bei ya maembe, Swami anataka kwanza kujua kama yameiva.

Kwa upande mwingine, katika Coolie (1936), Mulk Raj Anand anaonyesha utoto unaokatizwa na kazi. Munoo, yatima kutoka milima ya Kangra, anapitia utumishi wa nyumbani, kiwanda cha achari na kiwanda cha nguo Bombay, kisha anakufa kwa kifua kikuu.

Uchambuzi

Mwanasaikolojia Sudhir Kakar, katika The Inner World (1978), alieleza kwamba mvulana wa Kihindi huishi karibu mno na mama miaka ya mwanzo, kisha huingizwa ghafla katika nidhamu ya wanaume. Hoja hiyo inasaidia kuelewa kwa nini mama na bibi wana uzito mkubwa katika hadithi hizi, na kwa nini shule huonekana kama uhamisho.

Mada ina upungufu wake pia. Katika Pather Panchali (1929) ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, iliyotengenezewa filamu na Satyajit Ray mwaka 1955, Apu ndiye anayesomeshwa; dada yake Durga, mwenye udadisi usiopungua wake, anafariki kwa homa akiwa bado msichana. Usomaji wa haki wa fasihi hii hauna budi kumtazama mvulana pamoja na dada aliyenyimwa nafasi hiyo.