Kiitikio cha Ngano: Mbulu, Hanang na Kisima cha Snow White

Atakaye kutamba ngano katika visiwa vyetu husema "Paukwa", na haendelei mpaka aambiwe "Pakawa". Neno la kwanza ni lake. La pili ni la baraza. Utaratibu huu tumeuzoea hata hatuutafakari, ilhali ndani yake mna jawabu la suali ambalo wapenzi wa fasihi huulizana mara kwa mara: kwa nini baadhi ya ngano hazichakai? Na kwa nini hata ngano iliyotiwa ndani ya filamu ya katuni, ikachorwa kwa mkono zamani za babu zetu, bado hutazamwa na wajukuu? Makala haya yanadai kuwa kinachoiweka hai ngano ni wimbo uliomo ndani yake, na khasa kiitikio. Ushahidi wa dai hili haupo pwani peke yake. Upo pia bara, katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, na huko ndiko unakotukabili na wajibu wetu.

Na tuanze na hiyo filamu. Tarehe 21 Disemba 1937, mjini Los Angeles, Walt Disney alionesha kwa mara ya kwanza "Snow White and the Seven Dwarfs", ngano ya Kijerumani iliyochapishwa na ndugu Jacob na Wilhelm Grimm mwaka 1812. Filamu hiyo ina dakika 83, na katika kila sekunde moja hupita picha 24. Jumla yake ni zaidi ya picha laki moja. Wachoraji walichora kwa penseli, kisha wanawake wa idara ya wino na rangi wakainakili michoro hiyo, mmoja baada ya mwengine, juu ya karatasi angavu. Wako waliobashiri kuwa hakuna mtu mzima atakayevumilia kutazama katuni kwa muda wote huo. Ubashiri wao ulikwenda na maji, na baadaye Disney akatunukiwa tuzo moja kubwa na nyengine saba ndogo kwa ajili ya kazi hiyo.

Uzuri wa michoro hauelezi kila kitu. Kisa chenyewe ni kifupi mno: malkia ana wivu, binti anakimbilia msituni, tunda lina sumu, usingizi, kisha kuamka. Kinachokipa kisa pumzi ni nyimbo, ambazo muziki wake ni wa Frank Churchill na maneno yake ni ya Larry Morey. Mwanzoni kabisa tunamkuta binti yuko kisimani akichota maji. Anaimba haja ya moyo wake, na mwangwi kutoka chini ya kisima unamjibu. Mtoto wa mfalme hajatokea bado. Aliyeitikia wa kwanza ni maji. Baadaye mbilikimo saba wanachimba vito, na wimbo unakwenda sambamba na nyundo zao mpaka jioni wanaporudi nyumbani. Wimbo hapa si pambo lililotundikwa juu ya hadithi, maana ndio unaowafanya watu wakae, wawapende wahusika, na kesho yake waimbe wenyewe. Filamu mpya ya kisa hicho ilipotoka mwaka 2025 ikiwa na waigizaji wa kweli, ilibidi ichukue baadhi ya nyimbo zile zile za kale.

Jambo hili waliotangulia kwetu walilijua. Padri Edward Steere, aliyezikusanya ngano za Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870 kwa jina la "Swahili Tales", alitambua kuwa ngano za wenyeji aghalabu zina kipande cha kuimbwa ambacho wasikilizaji wote huingia, na kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo ndani ya vipande hivyo. Maelezo ya katikati mtambaji huyaunga papo kwa papo. Mfano wake ni kisa cha Sultani Majnuni. Mkaajikoni anaua mnyama mmoja baada ya mwengine akidhani ndiye Nunda mla watu, na kila mara anamuimbia mama yake kumuuliza, naye mama humjibu kwa wimbo kuwa siye. Msikilizaji wa kisa hiki humngojea Nunda, na pamoja na hayo huingojea zamu yake ya kuimba.

Sasa tupande bara. Mbulu imekaa juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, magharibi ya Ziwa Manyara. Kusini yake ndiko ulikosimama peke yake mlima Hanang, wenye mita 3,417, na chini yake mji wa Katesh. Katika eneo hili zimekutana lugha za koo nne: Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi, Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti, Kihadza cha bonde la Yaeda, chenye sauti za kugonga ulimi, na lugha za Kibantu, Kiswahili kikiwamo. Ni pahala pachache duniani ambapo msafiri wa siku moja anaweza kuzisikia zote.

Wairaqw, ambao wengi tumezoea kuwaita Wambulu, wana utanzu wa maneno unaoitwa slufay. Mzee aliyeruzukiwa ulimi hutangulia, na waliohudhuria humuitikia, kauli kwa kauli, mpaka maneno yanafikia baraka: mvua, watoto, mifugo, mavuno na amani. Ndani yake hutajwa Looaa, ambaye ni jua na ni mama mwenye huruma, na hutajwa Neetlangw, pepo wakaao katika chemchemi na mito. Slufay haina mwandishi mmoja na haisomwi na mtu peke yake chumbani. Nguvu yake imo katika kule kusemwa na wengi. Msomaji aliyemuona Snow White akijibiwa na kisima hatastaajabu kusikia kuwa huko Mbulu nako maji yana wenyewe, na kwamba binadamu hutaka kusikilizana nao.

Upande wa Hanang, Wadatoga, na khasa kundi lao la Wabarabaig, wameweka nyimbo zao katika dua na katika mazishi. Mzee mwenye heshima akifariki, kaburi lake, bung'eda, hujengwa likainuliwa kwa miezi mingi, na watu hukusanyika hapo kuimba. Kuanzia mwaka 1970 tambarare za Basotu zililimwa ngano ile nyengine, ya mkate, katika mradi wa Tanzania na Kanada. Mashamba yalifika saba, na ukubwa wake ulikaribia ekari laki moja. Malisho yalipotea, na baadhi ya makaburi yalipitiwa na matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980. Wakashinda Mahakama Kuu, wakashindwa kwenye rufaa. Habari hii si ya ardhi peke yake. Wimbo wa kaburini una pahala pake, na pahala pakiondoka, waitikiaji hutawanyika.

Waliojaribu kuyahifadhi maneno ya huku hawakukosekana. Katika miaka ile ile ya 1930 ambamo vijana wa Disney walikuwa wakichora, Mjerumani Paul Berger alikuwa akiandika hadithi kutoka vinywani mwa Wairaqw. Filamu iliifikia dunia katika muda mfupi. Maandiko ya Berger yalichapishwa mwaka 1998, yakihaririwa na Roland Kiessling. Kabla ya hapo, mwaka 1978, W. D. Kamera alitutolea "Hadithi za Wairaqw wa Tanzania" kwa Kiswahili, na mwaka 2002 Maarten Mous, Martha Qorro na Kiessling wakatoa kamusi ya Kiiraqw.

Hapa ndipo penye mzigo wetu, sisi wapenzi wa ushairi wa Kiswahili. Lugha yetu ndiyo iliyompa msomaji wa Unguja na Lamu hadithi za Wairaqw, na hilo ni jema la kushukuriwa. Lakini kisa hufasirika, kiitikio hakifasiriki. Kiiraqw ni lugha ya toni, na ukiyahamisha maneno yake hadi Kiswahili mahadhi hubaki nyuma. Shule na redio zetu zimejengwa juu ya Kiswahili na Kiingereza, na mtoto wa Mbulu aliyeko mjini huweza kuujua wimbo wa mbilikimo saba asiijue slufay hata moja. Tukumbuke Nunda alianzaje. Alikuwa paka wa sultani. Alipokula mbuzi, sultani hakumkemea, maana paka alikuwa wake na mbuzi alikuwa wake. Kiswahili ni chetu, na lugha ndogo za nchi ni zetu pia. Tusifanye jambo hilo kuwa sababu ya kunyamaza.

Dawa yake haihitaji mali nyingi. Anayechapisha ngano ya Kiiraqw au ya Kidatoga kwa Kiswahili, auache wimbo katika lugha yake, na tafsiri aiweke pembeni. Anayerekodi mtambaji, asiwafukuze watoto kwa kuwa wanapiga kelele. Sauti zao zirekodiwe nazo. Na majarida ya visiwani, yanayojivunia mizani na vina, yafungue kurasa zake kwa washairi wa Mbulu na Katesh. Steere alituhifadhia maneno ya Mkaajikoni na mama yake, lakini kitabu chake hakina mahadhi yake. Mbulu na Hanang wako wazee ambao bado wanaanza, na wako watu ambao bado wanaitikia. Waandikwe na warekodiwe sasa, wakiwa pamoja.