Bima ya Afya kwa Wote: Ahadi Inayokwama kwenye Mchango

Mgombea akiahidi matibabu kwa kila Mkenya hushangiliwa kabla hajafika kwenye hesabu. Kelele hizo zilianza na ilani ya KANU ya 1963, na zikasikika tena 2022 William Ruto alipoahidi bima itakayochangiwa kwa kadiri ya kipato. Kati ya chaguzi hizo mbili imepita karibu miaka sitini, na ukiifuatilia utaona kwamba karibu kila ahadi imekwama mahali pamoja: kukusanya pesa kutoka kwa mtu asiye na mshahara wa mwezi. Hapo ndipo pa kumpimia mgombea. Kutaja watakaotibiwa hakumgharimu kitu. Kazi ni kueleza watakaolipa, na njia watakayolipia.

Mwaka 1965 serikali ya Jomo Kenyatta ilifuta ada kwa wagonjwa wa kutwa katika hospitali za umma, ikitegemea kodi. Mwaka uliofuata ikaanzisha mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, kwa waliopokea shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, na kila mmoja akakatwa shilingi 20. Makato hayo yalikuwa mepesi kwa sababu mwajiri aliyakata kabla mshahara haujamfikia mfanyakazi. Mwaka 1972 mlango ulifunguliwa kwa wanaojiajiri, lakini kwa hiari, na miaka mingi baadaye wenye mishahara ndio bado waliokuwa mhimili wa mfuko. Kodi nayo haikutosha. Mnamo 1989, Mwai Kibaki akiwa Waziri wa Afya, wagonjwa walianza tena kutozwa ada kwa jina la kugawana gharama. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa Waziri Charity Ngilu wa bima ya kila Mkenya, ambapo serikali ingewalipia maskini. Hazina ikahofia gharama, waajiri na kampuni za bima wakapinga, na Kibaki, sasa akiwa Rais, hakuutia sahihi.

Sheria ya 2023, iliyozaa mfuko wa bima ya afya ya jamii, SHIF, badala ya NHIF, ilipiga hatua ya haki katika jambo moja. Chini ya NHIF, mchango wa mwenye mshahara uliishia shilingi 1,700 hata kama analipwa mamilioni. Sasa kila mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Kwa mama mboga na fundi wa jua kali, hata hivyo, sheria ilirudi kwenye ukuta uleule. Wao hukadiriwa kipato kwa maswali kuhusu nyumba na mali, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu anayepata pesa leo na kukosa kesho anatakiwa kulipa mapema kuliko mwenye mshahara, ilhali watu wa sekta isiyo rasmi ni zaidi ya asilimia 80 ya nguvukazi ya nchi.

Wapo watakaosema tatizo ni wizi, si mchango. Hoja hiyo ina uzito: tuhuma za 2012 kuhusu malipo ya NHIF kwa kliniki zilitosha kumvunja moyo yeyote anayechangia. Lakini mhasibu mwadilifu hulinda kilichokwisha kuingia. Hawezi kumwandikisha muuza samaki ambaye hana mwajiri wa kumkata. Wengine watasema kodi ilishajaribiwa ikashindwa. Iliyoshindwa ni kodi ya jumla, ambayo afya iliigombania na kila wizara nyingine. Ghana ilipita njia tofauti. John Kufuor alishinda uchaguzi wa 2000 akiahidi kukomesha utaratibu wa kulipa pesa taslimu kabla ya kutibiwa, na sheria ya 2003 ikatenga ushuru wa asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma kwa ajili ya bima. Hivyo asiye na mshahara huchangia anaponunua sabuni, bila kufuatwa nyumbani. Ni kweli ushuru wa namna hiyo humgusa hata maskini, ingawa chakula kisichosindikwa hakitozwi, na hospitali za huko zimelalamika mara nyingi kucheleweshewa malipo. Hata hivyo, kuchelewa kwa pesa zilizokwisha kukusanywa ni kosa ambalo wabunge wanaweza kulidai na kulirekebisha. Pesa ambazo hazikukusanywa kamwe hazina wa kuzidai.

Basi wagombea wa 2027 watakapokuja na ilani zao, wapiga kura wawaulize mambo matatu: mchango wa asiye na mshahara utakusanywa vipi, asiyeweza kabisa atalipiwa kutoka fungu gani la bajeti, na fungu hilo litalindwa na sheria ipi. Asiyeweza kujibu hayo hajaleta mpango wa afya, na hastahili kupigiwa kura kwa sababu yake.