Makato ya Poka na Mzigo wa Mchezaji wa Dau Dogo

Poka hutofautiana na michezo mingine ya kasino kwa jambo moja la msingi: kasino yenyewe haishindani na mchezaji. Katika ruleti ya Kimarekani yenye sifuri mbili, mwenye gurudumu amejihakikishia asilimia 5.26 ya karibu kila dau. Kwenye poka wachezaji hugombea fedha zao wao kwa wao, na kasino hulipwa kwa kutoa meza, karata na mgawaji. Ndiyo maana wengi huyachukulia makato kuwa ada ndogo ya huduma. Mimi nashikilia kwamba makato hayo, kwa namna yalivyopangwa, humwelemea zaidi mwenye fedha kidogo, hata ustadi wake ukakosa faida.

Tuangalie Las Vegas. Kanuni za Nevada hazimruhusu mwenye kasino kukata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zilizowekwa katika raundi, na kasino nyingi hujiwekea kikomo cha dola 4, 5 au zaidi kidogo. Karata tatu za wazi zikishatandazwa, mgawaji huanza kuchota tokeni kutoka kwenye fungu, moja moja kadiri fungu linavyonenepa. Huziweka kando, na raundi ikiisha huzitumbukiza katika sanduku lililofungwa kwenye meza. Mara nyingi huongeza dola 1 au 2 za jakipoti. Aliyeshindwa hana sababu ya kuzihesabu, na aliyeshinda anashughulika kuvuta alichopata.

Hesabu ya siku nzima ndiyo inayouma. Chukua meza ya watu 9, madau ya lazima yakiwa dola 1 na 2, na kila mmoja ameketi na dola 200. Mgawaji mzoefu hugawa raundi 30 hivi kwa saa. Tukikadiria wastani wa dola 4 kwa raundi, jakipoti ikiwemo, dola 120 huondoka mezani kila saa. Baada ya saa 8, dola 960 kati ya 1,800 zilizoletwa zimo sandukuni. Kila mchezaji amelipa zaidi ya dola 13 kwa saa, karibu mara 7 ya dau la lazima lililo kubwa, na hapo bado hajampa mgawaji bakshishi. Kwenye meza ya dola 5 na 10 aghalabu hutozwa muda. Tuseme ni dola 7 kwa nusu saa: mchezaji wa huko hulipa mara 1.4 tu ya dau lake la lazima. Kwa kipimo cha mchezo wenyewe, mnyonge analipa karibu mara 5 ya tajiri.

California hali ni kali zaidi. Kifungu cha 330 cha sheria ya jinai ya jimbo hilo kinakataza michezo ambayo mwenye nyumba hujitwalia asilimia, kwa hiyo vyumba vya karata hutoza kiasi kilichopangwa kabla ya raundi kuanza. Dola 6 zikitolewa kwenye fungu la dola 20, hiyo ni asilimia 30. Zikitolewa kwenye fungu la dola 300, ni asilimia 2. Katazo linaloonekana kumkinga mchezaji limezaa tozo inayomwangukia asiye na kitu.

Wenye kasino wana jibu, nalo lina uzito. Mshahara wa mgawaji, kamera na walinzi hugharimu kiasi kilekile, iwe meza ni ya dola 2 au ya dola 200, na nafasi hiyohiyo ikijazwa mashine za kamari huingiza zaidi. Vyumba kadhaa vya poka vya Las Vegas vimefungwa kwa sababu hiyo. Nakubali kwamba huduma lazima ilipiwe. Nisichokubali ni bei kufichwa ndani ya fungu, mnunuzi asijue ananunua kwa kiasi gani.

Texas inaonyesha kwamba bei inaweza kuwekwa wazi. Sheria ya huko hutoa utetezi kwa mchezo wa faragha ambao hakuna anayenufaika nao ila kwa ushindi wake mwenyewe, hivyo vilabu vya karata hutoza uanachama na saa za kukaa kitini. Uhalali wa vilabu hivyo bado unabishaniwa, na kwa meza ndogo gharama si lazima ipungue sana. Lakini mchezaji hujua, kabla hajaketi, kwamba saa moja itamgharimu kiasi fulani, naye huweza kuamua.

Wasimamizi wa kamari wa Nevada na California walazimishe kila meza kubandika wastani wa makato kwa mchezaji kwa saa, uliokokotolewa kutokana na mwezi uliopita. Haihitaji utafiti mpya: fedha za sandukuni huhesabiwa na kuandikwa kila siku.