Ukiongeza diski mpya, ya zamani ikapotea

Wasikilizaji wetu mnaokuja Kariakoo kununua diski za kasi aina ya NVMe, lifahamuni hili kabla ya kulipa.

Ndani ya kompyuta, data hupita kwenye njia zenye idadi maalumu, kama Mtaa wa Msimbazi: mwendokasi ukipewa njia zake, magari mengine hugawana zilizobaki. Katika kompyuta nyingi za mezani, prosesa hutoa njia 16 kwa kadi ya grafiki na 4 kwa diski ya NVMe. Kila njia ya PCIe toleo la 4 hupitisha takriban gigabaiti 2 kwa sekunde.

Kwa hiyo, kwenye baadhi ya madabodi, ukichomeka diski ya pili, kadi ya grafiki hushushwa hadi njia 8. Kwa kazi nyingi, tofauti ni ndogo. Nyingine huzima tundu mojawapo la SATA, na diski ya zamani haionekani tena.

Usikubali haraka kwamba imekufa, wala usiifute. Ihamishie tundu jingine kwanza. Kitabu cha madabodi hueleza matundu yanayogawana njia. Muombe muuzaji akuoneshe ukurasa huo.