Kiswahili na Kivuli cha Mtihani Katika Shule za Kenya



Wanaoilaumu mitihani kwa kudumaza ufundishaji wa Kiswahili hawana budi kukumbushwa kwamba nchini Kenya ni mtihani uliokipa Kiswahili kiti darasani. Tume ya Ominde ilipendekeza mwaka 1964 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi, na Kamati ya Gachathi ikalitilia nguvu wazo hilo mwaka 1976. Hata hivyo, CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa enzi hiyo, haukukitahini Kiswahili. Kwa hiyo, katika shule nyingi, kipindi cha Kiswahili kilichoandikwa kwenye ratiba kilitumiwa kufundishia Kiingereza au Hisabati, masomo yaliyoamua nani ataendelea na nani atabaki.

Hali ilibadilika mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza kufuatia ripoti ya Mackay ya 1981. Kiswahili kikawa cha lazima na, la muhimu zaidi, kikatahiniwa katika KCPE, na kuanzia 1989 katika KCSE. Mwalimu wa Kiswahili akapata heshima, mchapishaji akapata soko, na mwanafunzi akapata sababu ya kukitilia maanani.

Lakini mkono uliokilea ndio uliokibana. Silabasi ilitaja stadi nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. KCPE, kwa umbo lake lililozoeleka, ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu pamoja na insha ya dakika 40 yenye alama 40. Kusikiliza na kuzungumza hakukuwa na karatasi, na kisicho na karatasi aghalabu hakikupewa muda. Katika insha, watoto walikaririshwa methali na tamathali za kupachika popote, hoja iwepo isiwepo.

Fasihi simulizi inatoa mfano ulio bayana zaidi. Katika KCSE ilitahiniwa kwa maandishi. Mtahiniwa aliweza kuorodhesha sifa za mtambaji bora na kutunukiwa alama zote ilhali hajawahi kutamba hadithi hata moja mbele ya wenzake. Tamthilia nayo, iliyoandikwa ili iigizwe, ilisomwa kupitia mwongozo wenye maswali na majibu.

Tulinganishe na Tanzania. Huko Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu 1967. Hakikutegemea karatasi ya mtihani peke yake ili kiheshimiwe. Mwaka huohuo, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilaumu mitihani iliyopima kumbukumbu tu. Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi ya mwanafunzi ya kila siku ihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Utekelezaji haukukosa matatizo, lakini swali lilikuwa limeulizwa ipasavyo: si kama tupime au tusipime, bali tupime nini.

Kenya imelirudia swali hilo. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, na katika mtaala wa umilisi tathmini ya mwalimu darasani ina nafasi yake kando ya mtihani wa taifa. Fursa ipo, na hatari ipo. Mwalimu mwenye darasa lililofurika anaweza kuijaza fomu ya tathmini ya kuzungumza bila kumsikiliza mtoto yeyote, na hapo tutakuwa tumebadilisha jina la ugonjwa tu.

Historia hii inatufunza mambo mawili. Kwanza, kukiondoa Kiswahili katika mtihani ni kukirudisha kilikokuwa kabla ya 1985. Pili, maandalizi ya mtihani na mafunzo mengine si lazima yagombanie kipindi. Mwanafunzi aliyejadili mada kwa mdomo ataiandikia insha yenye hoja. Aliyeigiza onyesho atamweleza mhusika bila mwongozo. Anayeandaliwa kwa karatasi peke yake huenda akaipasi karatasi hiyo, kisha akashindwa kusimama mbele ya baraza la kijiji chake na kuitetea haki yake kwa Kiswahili. Huyo hatuwezi kusema tumemfundisha lugha.